Homa ya Jumamosi Jioni



Kati ya komini saba za Lubumbashi, Annexe ndiyo iliyo pembeni kuliko zote; imeuzunguka mji kama ukingo wa sahani. Kwa kuwa iko pembeni, imebaki na kitu ambacho Kamalondo na Kenya zilikipoteza zamani, nacho ni nafasi. Mwenye kiwanja hapa aweza kupanda lengalenga nyuma ya nyumba, aweza kuchoma matofali, na zaidi ya yote aweza kufuga kuku. Mwalimu akikaa miezi bila mshahara, kampuni ikipunguza watu wake, kijana akitoka chuo kikuu pale Kasapa na shahada mkononi pasipo kazi, shauri analopewa na jamaa ni lile lile: jenga banda, tafuta vifaranga. Navyo vifaranga hupatikana. Vingi huvuka mpaka kutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, vikilia ndani ya makatoni yenye matundu, na baada ya miezi michache mama wa nyumba anahesabu trei za mayai.

Sina neno baya la kusema juu ya kuku. Wengi katika ukoo wangu wamesomeshwa kwa mayai. Nataka kusema juu ya watu wanaowatunza, juu ya vifua vyao, na juu ya swali moja ambalo mgonjwa wa Annexe haulizwi mara nyingi anapofika mbele ya mwuguzi.

Mama mdogo wangu alifuga kuku wa mayai kwa muda wa miaka sita. Alianza na thelathini, akafika mia tatu. Mumewe alikuwa amefariki, na watoto wake wanne walikuwa sekondari au walikaribia kuingia. Shule ya msingi ya serikali imekuwa bila ada tangu mwaka 2019, lakini sekondari ni mlima mwingine, na mtihani wa taifa nao una gharama zake. Mlima huo aliupanda kwa mayai. Kila siku aliokota, akajaza maji, akamwaga chakula. Kisha Jumamosi, ambayo wengi wetu tungali tunaiita siku ya mposho kwa kumbukumbu ya chakula walichogawiwa wazee wetu wa kampuni, alijifunga kitambaa kichwani, akaingia bandani na koleo na ufagio, akaondoa maranda ya zamani yaliyochanganyika na kinyesi, akatandaza mapya. Katika mwezi wa saba, majira yetu ya baridi na ukavu, turubai za banda zilikuwa zimeshushwa pande zote ili kuku wasipigwe na upepo, na vumbi la kazi hiyo lilitoka mlangoni kama moshi.

Mwaka wa tano ikaanza homa. Ilimjia jua likitua: baridi mifupani, kichwa kizito, kikohozi kikavu, kifua kubana, pumzi fupi kama ya mtu aliyekimbia. Usiku akalowa jasho. Jumapili alibaki kitandani, na kwaya ya Misa ya kwanza ikaimba bila yeye. Jumatatu, pengine Jumanne, aliamka mzima, akarudi kwa kuku wake.

Nyumbani ikasemwa ni malaria, maana kwetu homa yoyote hupewa jina hilo kabla haijapimwa. Katika kituo kimoja cha afya alitobolewa kidole. Kipimo kikaonyesha kwamba hana malaria, naye akapewa dawa ya malaria. Siku mbili baadaye alipopona, dawa ikasifiwa. Homa iliporudi, dawa nayo ikarudi, na hivyo ndivyo mwaka ulivyopita. Akapungua mwili. Akitoka kisimani na ndoo, alisimama mara mbili njiani. Ndipo majirani wakaanza: kwanza walitaja kifua kikuu, halafu lile neno jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini, kwamba mafanikio ya mayai yamemchukiza mtu fulani katika ukoo.

Aliyeuona ukweli ni binti yake wa pili, na aliuona katika daftari la hesabu. Msichana huyo alikuwa na desturi ya kuandika mayai ya kila siku: yaliyookotwa, yaliyovunjika, yaliyouzwa. Siku ambayo mauzo yalipungua aliandika sababu pembeni ya ukurasa, na sababu mara nyingi ilikuwa maneno mawili: mama mgonjwa. Siku moja alikuwa akitafuta deni la chakula cha kuku, akaona kwamba maneno yale yaliangukia siku ile ile daima. Akarudi nyuma kurasa nyingi. Jumapili, Jumapili, Jumapili. Ulikuwapo mwezi mmoja tu usio na neno pembeni, nao ni ule ambao mama alikwenda Likasi kwa msiba akakaa huko majuma manne. Mbu wa Annexe hawajui Jumamosi. Kitu kilichomwuma mama huyu kilikuwa na ratiba.

Wakaenda na daftari hospitali. Daktari, kijana bado, akalisoma taratibu kabla ya kugusa kifaa chochote, kisha akauliza: “Mama, siku ya Jumamosi unafanya kazi gani?”

Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena huko Italia, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi: wachimba madini, wasafisha vyoo, wapepeta nafaka wanaokohoa kwa mavumbi yake, na wengine wengi. Alitaka madaktari wenzake, juu ya maswali waliyorithi kwa Hipokrate, waongeze moja: mgonjwa huyu hufanya kazi gani? Nionavyo mimi, kuna heshima kubwa ndani ya swali hilo. Linamtazama mgonjwa kama mtu mwenye mikono na siku zake, si kama joto la mwili lililoandikwa kwenye kadi.

Ugonjwa wa mama mdogo nao haukuwa mgeni duniani. Mwaka 1960, huko Ufaransa, daktari aitwaye Plessner alieleza habari za wafanyakazi waliochambua manyoya ya bata wakapatwa na homa. Aliiita homa ya bata. Mwaka 1965 madaktari watatu wa Marekani walieleza ugonjwa wa mapafu ya wafugaji wa njiwa. Tangu hapo umeonekana kwa watunza kasuku, kwa wafuga kuku na bata mzinga, na hata kwa watu waliolalia mito ya manyoya.

Huo ni mzio, au aleji kama tunavyosema kwa kufuata Kifaransa. Aliyelitunga neno hilo mwaka 1906 ni Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna ambaye katika ujana wake alisoma theolojia Innsbruck na falsafa Leuven kabla ya kugeukia udaktari. (Mwaka huo huo wa 1906 ndipo ilipoanzishwa Union Minière du Haut-Katanga, mama wa vumbi letu jingine. Sidai kwamba ziko siri katika tarehe hizo. Nimependa tu kuziona zikikaa pamoja.) Wazo lake lilikuwa kwamba mwili uliokutana na kitu kigeni hubadilika namna yake ya kukijibu, na mara nyingine jibu hilo ndilo linaloumiza.

Ndege hutoa protini zake kwa njia kadhaa. Ziko katika ungaunga laini unaofunika manyoya, ziko katika kinyesi, ambacho kikikauka na kukanyagwa huwa vumbi, ziko pia katika vipande vidogo vya ngozi. Chembe za vumbi hilo ni ndogo sana, hazinaswi zote puani wala kooni; hushuka mpaka vifuko vya mwisho vya hewa, pale damu inapopokea pumzi. Kwa watu wengi hazifanyi neno. Kwa baadhi, baada ya miezi au miaka ya kuzivuta, walinzi wa mwili huamua kwamba hizi ni adui na kuanza vita ndani ya mapafu. Vita hivyo havianzi papo hapo. Huchukua saa 4 hadi 8 kupamba moto, na kwa hiyo mama aliyemaliza kufagia saa sita mchana alianza kutetemeka saa kumi na mbili jioni, akiwa mbali na banda, ameoga, amekaa karibu na mbabula na watoto wake. Nani angemshuku kuku kwa kosa la mchana ule? Akikaa mbali na vumbi, homa hutulia kwa siku moja au mbili. Akilirudia, inarudi.

Hatari yake hasa ni hii, kwamba mapafu yanayopigana mara kwa mara huishia kupata makovu, na kovu la pafu halivuti hewa tena. Tena wako watu ambao hawapati homa hata siku moja. Hao ni wale wanaokaa na vumbi kidogo kidogo kila siku, pengine ndege mmoja tu ndani ya nyumba. Kwao ugonjwa huja kimya, pumzi ikipungua mwaka hadi mwaka, hadi mtu anadhani ni uzee umewahi.

Hapo nataka nisimame kidogo kwa ajili ya lile neno la sauti ya chini. Msingi wa uvumi ulikuwa swali la haki: mbona yeye, na jirani yake mwenye kuku mia tano ni mzima? Swali hilo lina jibu. Miili haifanani, na hakuna mkono wa mtu ndani yake. Katika banda moja, kwenye vumbi moja, mmoja ataugua na wengine watazeeka salama, kama vile mmoja mezani hawezi kula karanga na ndugu zake wanazila kwa furaha. Mama mdogo aliwekwa pia katika kipimo cha makohozi, na ilikuwa sawa kufanya hivyo: kikohozi kikipita majuma mawili, na mwili ukipungua, lazima kifua kikuu kitafutwe, na dawa zake katika nchi yetu hutolewa bure chini ya mpango wa taifa. Hakikuonekana. Picha ya mapafu ilionyesha ukungu ambao daktari aliweza kuufasiri kwa sababu tayari alikuwa na daftari.

Bandani kulikuwa na mgonjwa wa pili, na habari zake ni tofauti.

Mama mdogo alikuwa na kijana wa kumsaidia, mwenye miaka kumi na tisa, aliyetoka upande wa Kasenga. Ninyi mnaoishi huku mnajua usiku wa Annexe ulivyo: kuku mia tatu ni fedha zinazotembea, na wezi wanajua hesabu. Kwa hiyo kijana alilala pale pale, katika chumba cha magunia ya chakula kilichotengwa na banda kwa wavu tu. Huyu hakupata homa. Akiingia asubuhi kufagia, dakika chache zilitosha: chafya kumi mfululizo, macho mekundu, pua ikitiririka. Usiku kifua kililia filimbi. Alizoea kuketi, mgongo ukutani, akingojea kupambazuke.

Hiyo ni pumu ya kazini, yenye njia yake ndani ya mwili: hapa walinzi wa mwili hujibu haraka, tena katika njia za hewa, si ndani kabisa kwenye vifuko. Naye mkosaji si lazima awe ndege mwenyewe. Aweza kuwa utitiri wanaojificha katika nyufa za banda na katika chakula kilichokaa, aweza kuwa ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu, aweza kuwa vumbi la soya. Kulala juu ya magunia yale ni kuvuta yote hayo saa nane kwa siku, juu ya saa za kazi.

Tusichanganye na haya ile harufu inayochoma macho ya kila anayeingia banda chafu. Hiyo ni amonia itokayo katika kinyesi chenye unyevu. Inaumiza pumzi ya mtu yeyote, mwenye mzio na asiye nao, na yaweza kumzidishia mwenye pumu, lakini yenyewe ni sumu ya kuchoma, haihitaji mwili uwe umeizoea. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia wafugaji wakijifariji: banda langu halinuki, basi ni salama. Banda lisilonuka laweza kuwa na ungaunga wa manyoya wa kutosha kumlaza mtu.

Nchi yetu ina ndege mmoja ambaye ungaunga wake ni mwingi kupita wa kuku: kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Ukimpangusa, mkono unabaki mweupe. Kwa miaka mingi wamekamatwa katika misitu ya Kongo na kuuzwa mbali, mpaka nchi zilizokutana Johannesburg mwaka 2016 katika mkataba wa CITES zilipokubaliana kumweka katika daraja la ulinzi wa juu kabisa, ambalo biashara ya kimataifa ya ndege wa porini imekatazwa. Wanaonaswa mikononi mwa wafanyabiashara hupelekwa pengine katika vituo kama Lwiro, Kivu Kusini, ambako hutunzwa karibu na sokwe waliookolewa. Tunawasifu watunzaji wa namna hiyo kwa ajili ya ndege, na ni haki yao. Ningependa pia tuwaulize wanavyopumua wakitoka kufagia vizimba.

Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza ndege aliwahi kuwa mlinzi wa pumzi ya mtu. Mwanasayansi John Scott Haldane alishauri, mwishoni mwa karne ya 19, wachimbaji washuke na ndege mdogo ndani ya kizimba, kwa kuwa yeye hulegea mapema hewa ikiwa na sumu. Desturi hiyo ilidumu huko mpaka mwaka 1986. Mji wetu ni wa migodi, na juu ya vumbi la migodi tumejifunza kuuliza. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, akiwamo Profesa Célestin Banza, walichapisha utafiti ulioonyesha kiasi kikubwa cha kobalti na metali nyingine katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na machimbo na viwanda. Mtu wa Lubumbashi akikohoa, yuko atakayetaja bomba kubwa la moshi au lori la madini. Lakini mama akikohoa Annexe, banda lake la kuku halitajwi, kwa kuwa banda ni baraka ya nyumba. Hatupendi kuisaili baraka.

Na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipokuwa. Daktari alieleza kwamba ziko dawa za kupunguza moto wa mapafu, naye akampa, ila dawa yenyewe hasa ni kuachana na vumbi la ndege. Mama mdogo akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Daktari, kuku hawa ndio mume wangu wa pili. Unaniambia niachane nao, nani atalipa shule?” Daktari hakuwa na kidonge cha jambo hilo.

Kikao cha ukoo kiliketi siku ya Jumapili. Mjomba mmoja alitaka ajifunge kitambaa kizito puani, kuku wabaki. Shauri hilo lina mantiki ya mtu mwenye njaa, lakini kitambaa hakizuii chembe ndogo namna ile, na mtu ambaye mwili wake umekwisha kuwa na uadui na vumbi hilo huugua hata kwa kiasi kidogo. Mwingine alitaka mwana wa kwanza achukue kazi, banda libaki pale pale. Hapo binti wa daftari akauliza nguo za kaka yake zitafuliwa wapi na zitaanikwa wapi, na watu wakanyamaza, kwa sababu vumbi husafiri mabegani mwa mtu mpaka kwenye kitanda cha mgonjwa. Mwishowe waliamua hivi: kuku waliochoka wauzwe, waliobaki wahamie kiwanja cha kaka yake, mwendo wa nusu saa kwa miguu, mwana wa kwanza awatunze huko, aoge na kubadili nguo huko huko, mama auze mayai sokoni na kushika hesabu. Banda la zamani likabomolewa, udongo wa juu ukaondolewa, naye akalala kwa dada yake muda wote wa kazi hiyo.

Haikuwa bila gharama. Faida ilipungua, maana sasa inagawanywa katika nyumba mbili, na mtoto wa tatu alikaa nyumbani muhula mzima kabla karo haijapatikana. Homa za Jumapili zilikoma ndani ya mwezi mmoja. Pumzi haikurudi yote. Sehemu iliyokwisha kuwa kovu imebaki kovu. Amerudi kwenye kwaya, ila kiongozi amempa kiti, na katika nyimbo ndefu hunyamaza ubeti mmoja.

Kwa mwana wa kwanza, aliye mzima bado, masharti yaliwekwa mapema. Turubai huinuliwa na hewa hupita kabla ufagio haujaguswa. Maranda hunyunyiziwa maji kidogo ili vumbi lilale. Kidogo kweli, kwa kuwa yakilowa yatazaa ukungu na amonia, na kuku wenyewe wataugua. Chakula humiminwa kutoka chini, karibu na chombo, si kutoka begani. Na huvaa zile barakoa zenye kichujio tulizozifahamu wakati wa korona, zinazobana uso sawasawa. Alilalamika kwamba anaonekana kama mtu wa maabara. Dada yake alimjibu kwamba watu wa maabara hulipwa vizuri.

Mama mdogo hajaambiwa aache mayai mezani, ingawa lipo jambo la ajabu ambalo daktari alimtahadharisha nalo: baadhi ya watu waliopata mzio kwa ndege baadaye huwashwa kinywa au kuvimba wakila kiini cha yai kisichoiva vema, kwa kuwa protini moja ya damu ya kuku imo pia ndani ya kiini. Yeye hula yai lililochemshwa sana, na hajapatwa na neno.

Lakini yule kijana wa Kasenga? Katika kikao hakuna aliyemtaja mpaka tulipokuwa tukiinuka. Magonjwa haya mawili, la mama na lake, yote yamo katika orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya hifadhi ya jamii nayo inatambua magonjwa ya kazi, na mfuko wake ni CNSS. Ila mfuko unamjua mtu aliyeandikishwa na mwajiri. Kijana anayelala juu ya magunia, akilipwa kwa mwezi mkononi na kwa sahani ya bukari jioni, hajaandikwa popote. Kwake hakuna tarehe ya kuanza kazi wala ya kuugua, na akiondoka na filimbi yake kifuani hakuna atakayeandika kwamba aliipata Annexe.

Mama mdogo alimlipa miezi miwili na nauli, akamnunulia pampu ya pumu ya kwanza. Kijana hakurudi Kasenga. Alipata vibarua vya matofali, na miezi ile ya nje alilala usingizi mzima. Juzi amekuja kunisalimu baada ya Misa. Mfugaji mkubwa, mwenye kuku elfu moja, amemwita, kwa mshahara unaozidi ule wa matofali.

“Yaya, niende?” akaniuliza.

Nilimwambia amweleze mwenye banda habari ya kifua chake kabla ya kukubali, na kwanza kabisa aulize atalala wapi.